Kiti cha Mtoto Kwenye Gari: Sheria Iliyosema "Mama Ampakate Tu"

Watu wengi hudhani kiti cha mtoto kwenye gari kilibuniwa kwa ajili ya ajali. Wapi! Vile vya miaka ya 1930 huko Marekani vilikuwa vya kumwinua tu dogo achungulie dirishani, na mzazi amuone asihangaike huku na huku. Breki ya ghafla ikipigwa, havikumsaidia kitu.

Miaka ya 1960 mambo yakabadilika. Profesa mmoja wa Sweden alivutiwa na jinsi wanaanga walivyolazwa chali roketi inaporuka, mgongo wote umeegemea kiti. Sasa kichanga, mwenye kichwa kizito na shingo laini, kwa nini asikae hivyo? Mwaka 1964 akatoa kiti cha majaribio kinachotazama nyuma: pigo likija, linapokelewa na mgongo mzima, si shingo peke yake.

Kiti kikawepo, ila wazazi hawakuwa na habari nacho. Hapo ndipo anaingia daktari wa watoto wa mji wa Murfreesboro, jimbo la Tennessee. Yeye na mkewe waliwaganda wabunge wa jimbo mpaka sheria ikapita 1977, ikaanza kazi Januari 1978, ya kwanza Marekani nzima. Shangwe? Nusunusu. Wabunge walichomeka kipengele: mtoto akipakatwa na mtu mzima, poa, kiti si lazima. Ati mama ataachaje kumkumbatia kichanga chake?

Kumbe hatari yenyewe iko hapo hapo kwenye mapaja. Gari la spidi 50 likigonga ukuta, mtoto wa kilo 10 anachomoka kwa nguvu ya mzigo wa kilo 200 hivi, au zaidi. Hakuna mikono ya mama, wala ya baunsa, inayozuia hiyo. Mbaya zaidi, mama asiyefunga mkanda anamgandamiza mwanawe kwenye dashibodi. Daktari hakuchoka. Kipengele kikafutwa 1981, na kufikia 1985 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria zao.

Halafu likaibuka jingine: viti vipo, lakini vimefungwa ovyo. Hadi leo huko kuna watu waliosomea kabisa kazi ya kuwakagulia wazazi viti, na makosa ni yale yale: kiti kinachezacheza, mkanda umelegea, mtoto kavalishwa koti nene ndani ya mkanda. Kipimo chao ni rahisi, bana mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, kaza tena. Na kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, hata dogo alie vipi akimtaka mama.