Uchafu wa USB: historia ya kelele inayotoka kwa laptopu yako

Karibu kila wiki kuna msee ananiandikia: "Nimeona hii kitu ya USB ya kusafisha sauti, ninunue?" Anatuma picha ya kidude kidogo kama flashi, bei ya kushtua, na maelezo ya jinsi muziki "utapumua". Jibu langu huwa refu kuliko anavyotaka. Huwezi kujua kama unahitaji kusafisha kitu kabla ujue uchafu ulitoka wapi, na huu uchafu uko na historia ndefu kuliko wengi wetu hapa tumeishi.

IBM PC ya kwanza, 1981, ilikuwa na kaspika kamoja tu ka kupiga biip. Sauti ya maana ilikuja na kadi za kuchomeka ndani ya mashine, na iliyotikisa soko ni Sound Blaster ya 1989, kutoka Creative, kampuni ya Singapore iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo. Ilikuwa kitu kikubwa kwa wapenda gemu. Shida ni kwamba kadi iliishi kasha moja na diski inayozunguka, feni na pawa sapulai, vyote vikivuta umeme kwa mishtuko mishtuko. Ukivaa hedifoni ulikuwa unasikia kompyuta ikifikiria. Sogeza mausi, mkwaruzo. Fungua faili, mlio mwembamba kama mbu. Kama umewahi kuchomeka hedifoni mbele ya desktopu ya cyber, unaijua hiyo sauti.

Halafu Januari 1996 ikaja USB, iliyoandikwa na kundi la kampuni kubwa, Intel, IBM, Microsoft na Compaq zikiwemo. Hawakuwa wanafikiria muziki sana. Walikuwa wamechoka na mashine kuwa na tundu tofauti kwa kibodi, printa na kila kitu kingine. Kufikia 1998 kukawa na kanuni rasmi za kupitisha sauti kwa USB, na kwa karatasi ilikaa poa sana: nambari zisafiri kwa kebo, na kifaa kinachozigeuza kuwa sauti, yaani DAC, kikae nje, mbali na fujo za ndani.

Sasa angalia kebo yenyewe. Ile USB ya kawaida iko na waya nne. Mbili ni za data, moja inabeba volti 5, na ya mwisho ni ardhi, ile mafundi huita graundi. Hizo mbili za mwisho zimeungwa moja kwa moja na ndani ya ile kompyuta tuliyokuwa tunaikimbia. Ni kama kuhama ploti kwa sababu ya jirani mwenye wufa, halafu yeye ndiye anakusaidia kubeba vitu, na akifika anaona kuna chumba tupu.

Kulikuwa na shida ya pili, na hii ndiyo ilizaa jina ambalo wauzaji wanalipenda sana: jita. USB ya zamani hutuma sauti kwa vifurushi, kimoja kila milisekunde, yaani 1,000 kwa sekunde. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde. Gawanya, unapata 44.1 kwa kila kifurushi, na hakuna kitu kama robo ya sampuli, sembuse moja ya kumi. Kwa hivyo kompyuta ilituma 44 mara tisa, kisha 45 mara moja, tena na tena. DAC nyingi za wakati huo zilibaki kukisia mwendo wa kompyuta na kurekebisha saa yao kila mara, kama mtu anayecheza ngoma akifuata mpigaji mwenye mkono usiotulia. Huko kutotulia kwa saa ndiyo jita. Ilikuwa shida ya kweli, na iliweza kupimwa.

Suluhisho lilikuwa kumpa DAC usukani. Saa nzuri inakaa ndani ya DAC, na DAC ndiyo inaambia kompyuta: ongeza kidogo, sasa punguza. Mtindo huu unaitwa asinkronasi. Ulikuwa tayari umeandikwa kwenye kanuni za USB, lakini kuufanya ufanye kazi vizuri kwa muziki kulichukua miaka. Jina linalotajwa sana hapo ni Gordon Rankin wa Wavelength Audio huko Marekani. Teknolojia yake ilitumika kwenye Ayre QB-9 ya 2009, kisha 2012 ikaingia kwa AudioQuest DragonFly, DAC ndogo kama flashi iliyouzwa dola 249. Kwangu mimi, DragonFly ndiyo ilifunga huo mjadala wa jita kwa mtu wa kawaida. Siku hizi kuna DAC za bei ya chini zaidi zinazofanya hivyo hivyo.

Sasa cheki tarehe. 2015, miaka mitatu baada ya hapo, AudioQuest hao hao walitoa JitterBug kwa dola 49. Kwa rate ya leo hiyo ni zaidi ya shilingi elfu sita, doh ya maiki ya kuanzia. Ni filta tu: inachuja kelele kwenye waya wa umeme na waya za data. Wakashauri hata uweke ya pili kwa tundu ambalo halina kitu. Mwaka huo huo UpTone wakatoa USB Regen, na Schiit walikuwa na Wyrd. Hizo mbili zilifanya kazi zaidi: zinapokea ishara, zinaitengeneza upya, na kutoa volti 5 zao wenyewe badala ya zile za kompyuta. Si uganga, ni uhandisi wa kweli. Swali ni kama masikio yako yanapata chochote.

Hapa ndipo mimi na wauzaji tunatengana. Wakikuambia "data safi inaleta besi nzito", funga hiyo tabo. Kifurushi cha sauti kikiharibika njiani kwa USB, hakitumwi tena. Unasikia mkatiko, au "tak". Besi haipungui kidogo kidogo, na sauti ya mwimbaji haigeuki kuwa baridi. Na vipimo vipo wazi. Audio Science Review, tovuti ya Amir Majidimehr, imepima vifaa vingi vya aina hii, na ukivitumia na DAC iliyotengenezwa vizuri, grafu ya kabla na ya baada huwa karibu haitofautiani.

Lakini si kila mtu ananunua DAC iliyotengenezwa vizuri, na kelele yenyewe si hadithi. USB 2.0, iliyotoka 2000, inaongea mara 8,000 kwa sekunde. Kifaa cha bei ya chini kikivuta umeme kwa mdundo huo huo, unapata mlio mwembamba wa Hz 8,000, katikati kabisa ya sauti unazosikia. Ukirekodi podikasti na ukasikia "iiiii" nyuma ya sauti yako, huo ni mmoja wa washukiwa.

Mshukiwa mkubwa zaidi kwetu ni chaja. Laptopu yenye chaja ya pini tatu imeunganishwa na ardhi ya nyumba. Spika zako za studio au mikisa, nazo vilevile. Ukiziunga kwa kebo ya sauti umetengeneza mzunguko, na kelele inapitia hapo: mvumo wa Hz 50 wa stima yetu, na miluzi ya laptopu juu yake. Fundi wa redio za matatu anaujua ugonjwa huu vizuri. Kwake ni ule mlio unaopanda dereva akikanyaga mafuta.

Kupima ni bure. Chomoa chaja, laptopu ibaki kwa betri. Kelele ikikatika, shida ni ardhi, na filta ndogo ya dola 49 haitakata huo mzunguko. Tafadhali usikate pini ya tatu ya plagi. Nimeona watu wakishauri hivyo, na hiyo pini ndiyo inazuia kasha la chuma lisikupige shoti. Chomeka vyote kwa ekstensheni moja kwanza. Ikiendelea, tumia kebo za balansi kama vifaa vyako vinazikubali, au kile kitransfoma kidogo cha laini ya sauti ambacho watu wa redio za gari hutumia.

Kuna kidude kimoja cha USB ambacho nakiheshimu bila kusita: kitenganishi. Vingi vya bei nafuu vimejengwa juu ya chipu ya Analog Devices iitwayo ADuM4160, ambayo inapitisha data kwa koili ndogo bila waya wa ardhi kugusana pande mbili. Vifaa vya hospitali ni kati ya kazi iliyolengwa, pale ambapo umeme ukivuja, unaishia kwa mgonjwa. Angalia tu spidi kabla ya kulipa. Chipu hiyo inaishia megabiti 12 kwa sekunde, na kama interface yako ya kurekodi inataka ile spidi ya juu ya USB 2.0, ukiichomeka hapo huenda isiwake kabisa. Vya spidi ya juu vipo, lakini bei yake inaruka.