Kurudi Uwanjani: Historia ya Kujifunza Pikipiki Bariadi na Simiyu

Uwanja wa kujifunzia pikipiki katika mkoa wa Simiyu kwa kawaida ni uwanja wa mpira wa shule ya msingi wakati wa jioni, au eneo la mnada siku isiyo ya mnada, ardhi ikiwa na alama za kwato tu. Mwanafunzi hupewa pikipiki ya kaka, ya rafiki au ya jirani, huoneshwa klachi na gia kwa dakika chache, kisha huachiwa azunguke. Wengi huanguka siku hiyohiyo ya kwanza. Baadhi hurudi kesho yake, baadhi baada ya miezi, na wapo wasiorudi kabisa. Pikipiki za Tanzania zimeandikwa sana kama habari ya biashara na ya ajali. Habari ya uwanjani haijaandikwa kiasi hicho, ingawa ndiko dereva anakotengenezwa au anakopotea.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa za Shinyanga, yaani Bariadi, Maswa na Meatu, pamoja na Busega iliyotoka Mwanza. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Makao makuu yakawekwa Bariadi, katika nchi ya zamani ya Ntuzu, ambako wenyeji bado huitwa Wanyantuzu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157, na ile ya 2022 watu 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma wanaoishi kwa pamba, mahindi, mtama, mpunga na mifugo, katika kaya zilizotawanyika mbali na barabara kuu. Kutoka nyumbani hadi zahanati au gulioni ni mwendo mrefu, na kwa muda mrefu mwendo huo ulikuwa wa miguu.

Kilichoubadili kwanza ni baiskeli. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928 ikipita Malampaka, katika wilaya ya Maswa, na treni zilizochukua pamba zilirudi na bidhaa za madukani. Wakulima walipopata sauti katika soko la pamba, baiskeli ziliongezeka. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na baada ya miaka michache muungano huo ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa zaidi vya ushirika barani Afrika. Fedha za msimu zilinunua ng'ombe, mabati na baiskeli. Zilikuja Raleigh za Uingereza, baadaye Phoenix za China na Avon za India, na kwa kipindi fulani Swala zilizotengenezwa nchini. Baiskeli ilikuwa mali ya kaya nzima: ilibeba maji, gunia la mahindi, mgonjwa na bibi harusi.

Watoto hawakutengenezewa baiskeli za kimo chao. Mtoto wa miaka minane au tisa alijifunza kwenye baiskeli ya baba, akipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu na kukanyaga pedali huku mwili umepinda ubavuni. Aliyemudu hivyo alikuwa ameshaanguka mara nyingi, na hakuna aliyeona ajabu. Baiskeli ina uzito wa kilo 20 hivi na huenda kwa nguvu za anayeiendesha; mtoto alipochoka nayo ilisimama. Katika Usukuma kuanguka na baiskeli kukawa jambo la utotoni, la kupanguswa vumbi na kuendelea. Mazoea hayo ndiyo yaliyohamishiwa kwenye pikipiki, na hayakuwafaa wote.

Pikipiki za kwanza vijijini zilikuwa za watu wa kazi maalumu. Mapadre wa shirika la Maryknoll, waliofanya utume katika jimbo la Shinyanga kuanzia miaka ya 1950, walizitumia kufika vigangoni. Bwana shamba, bwana mifugo na maofisa wa ushirika walizitumia kukagua mashamba na maghala. Watu waliziita tukutuku au pikipiki, majina yote mawili yakitokana na mlio wa injini. Katika miaka ya 1970 na 1980 kijana wa kijijini aliweza kuisukuma pikipiki ya bwana shamba iliyogoma kuwaka, lakini nafasi ya kuiendesha hakuwa nayo. Kizazi kizima kiliijua pikipiki kwa kuitazama.

Usafiri wa kubeba abiria kwa magurudumu mawili ulikuja kwa njia ya baiskeli pia. Katika mpaka wa Kenya na Uganda, eneo la Busia, waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 walivusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka, na kutokana na neno la Kiingereza la mpaka wakaitwa bodaboda. Shinyanga na Mwanza zilipata baiskeli zao za abiria, nazo watu wakaziita daladala kama magari ya Dar es Salaam: kiti cha nyuma chenye sponji, nauli ndogo, dereva anayejua kila uchochoro. Miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China, hasa SanLG, zikafuatwa na Boxer na TVS za India, zikaziondoa baiskeli hizo barabarani mji baada ya mji. Sheria ilifuata nyuma. Sheria ya leseni za usafirishaji ilirekebishwa mwaka 2009, na kanuni za pikipiki na bajaji za abiria zikatoka mwaka 2010. Kabla ya hapo dereva wa bodaboda alifanya kazi ambayo kisheria haikuwepo, na asiyekuwepo kisheria hapangiwi mafunzo.

Hivyo maelfu ya vijana wa Kanda ya Ziwa walihama kutoka baiskeli kwenda pikipiki kwa muda mfupi sana, wakifundishana wenyewe. Ugumu waliokutana nao unaeleweka vizuri mtu akitazama mikono. Kwenye baiskeli, leva zote mbili za usukani ni breki. Kwenye pikipiki leva ya kulia ni breki ya mbele, ya kushoto ni klachi. Gia hukanyagwa kwa mguu wa kushoto na breki ya nyuma kwa mguu wa kulia. Mwenye miaka kumi ya baiskeli akishtuka hubana mikono yote miwili, kama alivyozoea. Klachi ikibanwa, injini huachana na gurudumu na pikipiki huteleza huru, wakati breki ya mbele iliyokamatwa ghafla hulifunga gurudumu kwenye mchanga. Mwisho wake ni mweleka.

Kosa la pili ni la mkono wa kulia peke yake. Mafuta huongezwa kwa kuzungusha kishikio kuelekea kwa dereva. Anayeogopa hujivuta nyuma na kukaza kiganja, na kukaza huko huzungusha kishikio. Pikipiki huruka mbele, hofu huongezeka, kiganja hukaza zaidi. Watazamaji pembeni ya uwanja hupiga kelele “achia mafuta”, naye haelewi, kwa sababu hajui kwamba ameyashika. Kosa la tatu ni la macho. Pikipiki hufuata mahali dereva anapotazama, hivyo mwanafunzi anayelikodolea macho goli ili asiligonge huligonga. Makosa yote matatu huwapata watu wasiokosa ujasiri wala akili, na ingefaa kila anayefundisha uwanjani alijue hilo kabla hajamcheka aliyeanguka.

Ardhi yenyewe huongeza masomo. Wasukuma wameupa udongo majina kulingana na tabia zake, na majina hayo yanamsaidia dereva kama yanavyomsaidia mkulima. Luseni ni udongo wa mchanga wa miinukoni: gurudumu la mbele huyumba ndani yake, na anayepunguza mwendo kwa woga huyumba zaidi. Itogolo ni ardhi iliyoshikamana ikawa ngumu, nzuri mno kwa kujifunzia wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha juu yake hubaki utelezi. Mbuga, kwa maana ya Kisukuma, ni udongo mweusi wa bondeni unaoipenda pamba. Ukilowa hunata kwenye tairi hadi ujae chini ya madigadi na gurudumu ligome kuzunguka. Ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kulimeza tairi jembamba. Kwa hiyo majira ya kujifunza pikipiki Simiyu yalifuata majira ya pamba. Mvua huanza kwenye Novemba, watu huwa shambani, njia huharibika. Kuanzia Mei mavuno huingia, ununuzi wa pamba hufunguliwa, ardhi hukauka, na fedha za kununulia pikipiki hupatikana. Viwanja hujaa wanafunzi kati ya Juni na Septemba, msimu uleule ambao Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya wachezaji wa Kisukuma, hushindana kwa ngoma.

Aliyeanguka siku ya kwanza alikuwa na sababu ya kukata tamaa iliyozidi maumivu. Pikipiki ina uzito unaozidi kilo 100 na mara chache huwa ya mwanafunzi. Ikilala upande mmoja huvunja leva, saiti mira au indiketa, na bomba la moshi la moto huunguza shavu la mguu, alama ambayo madereva wengi wanayo hadi leo. Vifaa vilivyovunjika lazima vilipwe. Kijana aliyeazimwa na deiwaka, yaani dereva anayeshikilia pikipiki ya mwenzake kwa siku, aliwaletea hasara watu watatu kwa kuanguka mara moja: yeye, deiwaka na dereva mwenyewe, ambaye jioni alitakiwa kupeleka hesabu ya siku kwa bosi mwenye pikipiki. Aliyekuwa kwenye mkataba wa kumiliki pikipiki baada ya kulipa kwa mwaka au zaidi aliogopa hata kuiazimisha. Deni liliwafukuza wengi uwanjani kuliko jeraha. Kwa wasichana liliongezeka neno la mtaani, kwamba chombo kile si chao, ingawa wauguzi, walimu na maofisa ugani wa kike wamekuwa wakionekana juu ya pikipiki katika njia za Maswa na Meatu.

Majeraha nayo hayakuwa madogo. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa ikiwemo Simiyu, walichapisha utafiti ulioyaeleza majeraha ya pikipiki jijini Mwanza kuwa tatizo linalochomoza la afya ya jamii. Mwaka huo ndio kanuni za abiria zilipotoka.

Mahali pengine duniani tatizo hili la mwanzo mbaya limepatiwa utaratibu. Uwanja wa mbio wa Nürburgring wa Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1927, tangu awali uliruhusu mwananchi alipie na kuingia na chombo chake siku zisizo za mashindano. Baadaye viwanja vya mbio vya Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, Kyalami ukiwa mmojawapo, vilianza kutenga siku za madereva wa kawaida, wakigawanywa kwa uzoefu ili anayeanza asipitwe kwa kasi na mzoefu. Hata huko siku ya kwanza huwavunja moyo wengi. Keith Code, aliyeanzisha shule yake ya pikipiki California mwaka 1980, alijenga ufundishaji wake juu ya jambo ambalo mtazamaji yeyote wa uwanjani Bariadi angelitambua: mwili ulioshtuka hukaza mikono, hukodoa macho mahali pamoja na kufanya kinyume cha kinachohitajika. Dawa yake ilikuwa kugawa ufundi vipande vidogo na kufanyia mazoezi kipande kimoja kwa mzunguko mmoja.

Simiyu haikuwa na uwanja wa lami wa namna hiyo, lakini waliorudi baada ya kuanguka walifuata njia iliyokaribiana na hiyo bila kuisoma popote. Mwalimu mzuri hakumrudisha mwanafunzi kwenye mwendo uliomwangusha. Alimrudisha nyuma zaidi: kuitembeza pikipiki injini ikiwa imezimwa, ili mikono izoee uzito wake. Kisha injini iliwashwa, ikawekwa gia ya kwanza, na kazi ikawa moja tu, kuachia klachi polepole hadi chombo kianze kujivuta, miguu yote ikiburuzwa chini, bila kugusa mafuta. Hilo lilirudiwa hadi mkono wa kushoto uache kufikiri kuwa umeshika breki. Mizunguko mipana ilifuata, halafu mistatili, halafu kusimama mahali palipowekwa jiwe. Wengi walipenda alfajiri, kabla ya watoto wa shule kufika, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimewaumiza kuliko ardhi. Abiria wa kwanza kwa kawaida alikuwa mwalimu mwenyewe, naye alikaa nyuma akisikiliza zaidi ya kutazama: gia iliyochelewa husikika kwenye mlio.

Baada ya 2010 serikali ilianza kudai leseni na kofia ngumu kwa uzito mpya, na askari wa usalama barabarani pamoja na vyuo vya udereva wakaendesha mafunzo ya siku chache kwa madereva wa vijiweni. Walioketi darasani walikuwa wameshaendesha kwa miaka, kwa hiyo walijifunza alama na sheria. Breki na kona walikuwa nazo tayari, kwa usahihi au kwa makosa waliyoyatoa uwanjani.

Somo jipya lililetwa na lami. Katika miaka ya 2010 barabara ya Lamadi hadi Bariadi, kilomita 71.8, iliwekwa lami, ikafuata Mwigumbi hadi Maswa na hatimaye Maswa hadi Bariadi. Kuanzia 2018 hadi 2020 maonesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika Nyakabindi, pembeni ya lami hiyo, na magari yaliyopita yakawa mengi kuliko wakati wowote. Dereva aliyekomaa kwenye luseni alijua kuachia gurudumu liyumbe na kushika breki kwa uangalifu. Kwenye lami alilazimika kujua umbali wa kusimama kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo wa basi linalompita, na kona ambayo haisamehi anayeingia na mwendo wa tambarare. Baadhi ya wazoefu waliopata ajali zao za kwanza baada ya miaka kumi barabarani walirudi uwanjani wakiwa watu wazima, wakaanza tena na breki.