Fedha za Wahisani na Kura za Wanyonge

Haki ya kupiga kura huandikwa katika sheria kwa wino, lakini wino peke yake haumfikishi mtu kwenye sanduku la kura. Mnyonge huhitaji nauli ya kwenda kujiandikisha, mwalimu wa kumfundisha, na chakula akifukuzwa kazi kwa kuidai haki yake. Mkono mtupu haulambwi. Habari za watu weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani zathibitisha neno hili. Nazo zaonyesha pia mahali ambapo nguvu za fedha hukoma.

Tangu 1870 Katiba ya Marekani ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Walakini majimbo ya kusini yalibuni hila nyingi. Katika Mississippi ilitozwa kodi ya kura. Tena mwombaji alitakiwa kufasiri kifungu cha katiba ya jimbo, na karani mzungu ndiye aliyeamua kama amefasiri vema. Kwa sheria ya 1962 majina ya waombaji yalichapishwa gazetini, ili tajiri wa shamba apate kujua ni nani katika watu wake aliyethubutu. Basi si ajabu kwamba watu weusi walioandikishwa katika jimbo hilo hawakufika 7 katika kila 100.

Mwaka huo huo wa 1962, Baraza la Majimbo ya Kusini, lenye makao yake Atlanta, lilianzisha Mradi wa Elimu ya Wapiga Kura. Mali yake ilitoka katika wakfu za matajiri, hasa Taconic na Field, pamoja na mfuko wa jamaa ya Stern. Msimamizi wake, Wiley Branton, wakili mweusi kutoka Arkansas, aligawa fedha kwa vyama vikubwa na kwa vikundi vidogo vya mitaani. Zilinunua petroli, zililipa kodi ya vyumba vya ofisi, na ziliwapa vijana posho ndogo ya kwenda nyumba kwa nyumba. Kila kikundi kilipaswa kuandika taarifa: wangapi waliandikishwa, na wangapi walizuiwa.

Serikali ya Rais Kennedy iliupendelea mradi huo, na kwa ajili hiyo baadhi ya vijana waliushuku. Je, wakubwa hawa hawakutaka kuwavuta waache maandamano? Lakini upesi ilidhihirika kwamba kumpeleka mkulima kwa karani kuliamsha ghadhabu ile ile. Mnamo Agosti 1962 Fannie Lou Hamer alikwenda Indianola kujiandikisha. Siku hiyo hiyo alifukuzwa katika shamba alilolitumikia miaka 18. Katika wilaya ya Leflore wakubwa walisimamisha ugawaji wa chakula cha serikali, maskini wakakabiliwa na njaa. Mnamo Februari 1963 gari la wafanyakazi wa uandikishaji lilimiminiwa risasi karibu na Greenwood, na kijana Jimmy Travis, aliyekuwa akiliendesha, alijeruhiwa vibaya. Ndani ya gari hilo alikuwamo Randolph Blackwell, afisa wa Mradi wenyewe.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani mgumu. Katika majimbo mengine fedha zilizaa wapiga kura wengi; katika Mississippi zilitumika nyingi, na walioandikishwa hawakufika 4,000. Mwishoni mwa 1963 Branton alikata sehemu kubwa ya msaada kwa jimbo hilo. Hoja yake ilikuwa na uzito: fedha ni amana, na serikali ilikuwa haijawalinda waombaji. Lakini wenyeji wa Mississippi walikuwa na hoja pia: ikiwa msaada huenda penye wepesi tu, nani atawasaidia walio penye dhiki?

Hawakungoja jibu. Waliendelea, wakachangiwa na wengine, na katika kiangazi cha 1964 wanafunzi wengi wa kaskazini walikwenda kuwasaidia. Kwa jumla, kati ya 1962 na 1964, Mradi ulitoa karibu dola 900,000, na karibu watu weusi 700,000 waliandikishwa kusini. Tarehe 6 Agosti 1965 Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa sahihi. Kufika 1967, zaidi ya nusu ya watu weusi wa Mississippi waliostahili kura walikuwa wameandikishwa.

Mafanikio hayo yaliwatia hofu wanasiasa. Kwa sheria ya kodi ya 1969, wakfu zilizuiwa kugharimia uandikishaji wa wapiga kura isipokuwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba chama kinachosaidiwa kifanye kazi katika majimbo 5 au zaidi. Kikundi cha kijiji kimoja kingetimizaje sharti hilo?

Mfadhili aweza kununua petroli, lakini hawezi kumnunulia mtu ujasiri wa kupanda garini. Tena aliye na hiari ya kutoa ana hiari ya kuzuia. Kwa hiyo tumshukuru aliyetoa mali yake; lakini heshima ya kwanza ni ya yule aliyefukuzwa shambani jioni, na kesho yake akakataa kulifuta jina lake.