Vichwa Juu ya Shingo: Vinubi vya Uele na Wanunuzi Wake

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike jambo la historia, akaniwekea sharti moja: nisirudie habari za mwalimu wa zamu na uji wa Jumamosi, kwani hizo kila tukikutana tunazisikia. Basi nimechagua kinubi. Sisemi kile cha Mfalme Daudi, bali kile cha watu wa mto Uele, kaskazini-mashariki ya Kongo, wakaako Wazande na Wamangbetu. Huenda wanafunzi wa leo wamekwisha kukiona katika vitabu vya sanaa: chombo chenye shingo iliyopinda, na mwisho wa shingo kichwa cha mtu, kirefu kwenda nyuma, nywele zimesukwa na kutanuliwa kama ungo. Chini ya picha huandikwa kuwa ni sanaa ya jadi. Neno hilo "jadi" ndilo ninalotaka tulitazame.

Kwanza chombo chenyewe. Wazande hukiita kundi (wala halihusiani na kundi letu la ng'ombe au watu), na Wamangbetu hukiita domu. Mwili wake ni mti uliofukuliwa, umebanwa katikati kama kiuno, kisha ukafunikwa ngozi. Shingo hutokea upande mmoja, ikapanda na kujikunja. Ubavuni mwake mna vigingi vitano, kila kimoja na uzi wake. Kazi ya shingo ni kuhimili mvuto wa nyuzi hizo. Kichwa kilichochongwa juu yake hakiongezi kitu katika sauti; ukikikata leo, wimbo utatoka ule ule. Na bado wachongaji walikihangaikia kuliko sehemu nyingine yoyote. Wengine walichonga mtu mzima, miguu yake ikikanyaga mwili wa kinubi. Wengine walitumia pembe ya ndovu badala ya mti. Hapo ndipo mwanafunzi wa historia anapopaswa kuuliza: kazi yote hiyo ilifanywa kwa ajili ya macho ya nani?

Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, alifika katika ikulu ya Mbunza, mfalme wa Wamangbetu. Aliandika mengi juu ya ukumbi mkubwa, mabaragumu, ngoma, na mfalme mwenyewe akicheza mbele ya watu wake. Lakini vinubi, asema, Wamangbetu hawakuwa navyo. Alivikuta kwa majirani zao Wazande, mikononi mwa waimbaji.

Tuvuke miaka arobaini. Kuanzia 1909 hadi 1915 Herbert Lang na James Chapin walikuwa Kongo, wametumwa na jumba la makumbusho la New York, hasa kutafuta wanyama. Walirudi pia na vitu vya watu vipatavyo 4,000, na Lang alipiga picha karibu 10,000. Wakati huo Wamangbetu walikuwa na sifa ya vinubi vyenye vichwa! Mwaka 1990 wataalamu wawili, Enid Schildkrout na Curtis Keim, walifanya maonyesho katika jumba lile lile na kueleza kilichotokea katikati. Sanamu za watu hapo zamani zilikuwa chache. Ziliongezeka upesi maofisa wa Kibelgiji na wasafiri walipoanza kuzitaka. Tena si Wamangbetu peke yao waliozichonga: Wazande na majirani wengine nao walichonga vichwa vya Kimangbetu, maana ndivyo vilivyotakiwa. Msafara wa magari ya Citroën wa 1924–25 ukazidisha; picha ya mwanamke wa Kimangbetu aitwaye Nobosodru ikaenea Ulaya nzima.

Wapo wanaosikia habari hii wakasema: kumbe ni vitu vya uongo. Mimi sikubali hata kidogo. Mchongaji aliyeshika tezo alikuwa fundi wa kweli, na watawala wa huko nao waliagiza vitu vizuri ili wavitoe zawadi kwa wakubwa wapya. Alijua bwana mkubwa anapenda nini, akampa, tena kwa ustadi ambao bwana mkubwa hakuustahili. Sisi watumishi wa serikali tunaoandika taarifa za robo mwaka tusiwe wepesi wa kumcheka.

Kilichoniuma ni kingine. Nikiwa Ulaya kwa kazi, niliingia katika jumba moja la makumbusho na kusimama muda mrefu mbele ya kabati la vinubi. Kile chenye kichwa kizuri kuliko vyote kilikuwa na vigingi vikavu, kama vimetoka kwa seremala jana. Pembeni kilikuwapo kingine, shingo tupu isiyo na nakshi, imeng'aa kwa mafuta ya viganja na matundu ya vigingi yamelika. Kibao kilitaja jina la mzungu aliyekileta na mwaka. Jina la mpigaji halikuwapo, wala wimbo.

Na nyimbo zilikuwa nzito: za mapenzi, za kifo, za kuwasema wakubwa kwa mafumbo. Magharibi zaidi, kwa Wanzakara wa Bangassou, ndugu wa karibu wa Wazande, Mfaransa Éric de Dampierre alianza kuwasikiliza wapiga vinubi katika miaka ya 1950, akachapisha maneno yao mwaka 1963. Ndiyo maana ya Wanzakara tunayo, na ya vile vya kabatini hatuna.

Sasa nije nyumbani. Katika chumba cha walimu, juu ya kabati la ramani, liko zeze lenye shingo iliyokatwa nakshi za pembetatu. Lilikuwapo nilipoingia Kidato cha Kwanza. Mzee aliyelitengeneza bado yu hai kijijini nyuma ya uwanja wa mpira, na mjukuu wake yuko Kidato cha Pili. Nimekwisha kumwandikia mwalimu wa historia. Siku ya mkutano wetu, kabla ya chakula, mzee ataletwa. Wanafunzi wawili wataandika maneno, nami nitakuja na kinasa sauti. Nyuzi mbili zimekatika, kwa hiyo mwenye kuishi mjini na atafute waya.