Tovuti isiyotulia: Jinsi ya kuchagua programu nafuu ya kusimamia maudhui

MAFURIKO yalipoukumba ukanda wa Mto Tana mnamo Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, wakazi wa Garsen na vijiji vya Delta walihitaji majibu ya haraka. Je, barabara ya kuelekea Lamu inapitika? Waliohama makwao wapewe hifadhi wapi? Taarifa kama hizo, pamoja na orodha za basari, zabuni na ilani za mikutano ya hadhara, zinafaa kupatikana katika tovuti za umma. Aidha, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inazitaka asasi za umma kutangaza habari fulani pasipo kusubiri kuombwa.

Tatizo ni kwamba tovuti hubadilishwa sura mara kwa mara: uongozi mpya unapoingia, mfadhili mwingine anapojitokeza, au mtaalamu aliyeiunda anapoondoka. Kila badiliko linaweza kufuta kurasa za miaka iliyotangulia. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei ya programu, shirika lijiulize: maandishi yetu yatabaki salama sura ikibadilika?

Programu ya kusimamia maudhui ndiyo humwezesha karani asiyejua uandishi wa programu za kompyuta kuchapisha habari. Maandishi huhifadhiwa katika hifadhidata, ilhali rangi, nembo na mpangilio wa ukurasa hukaa katika faili nyingine ziitwazo violezo. Utengano huo ukizingatiwa, kubadilisha sura ni sawa na kuipaka nyumba rangi upya: wenyeji na vyombo vyao hubaki mlemle ndani.

Programu tatu maarufu hutolewa bila malipo na chini ya leseni huria. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo rahisi zaidi kujifunza, na huendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani. Violezo vyake ni vingi, na mafundi wake hupatikana kwa urahisi. Joomla ilizaliwa mwaka 2005 baada ya waundaji wa programu ya Mambo kujitenga. Jina lake limetokana na neno la Kiswahili 'jumla'. Ina uwezo wa kuchapisha kwa lugha kadhaa bila programu ya ziada, jambo la manufaa kwa anayetaka kurasa za Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega. Drupal, iliyotolewa mwaka 2001, inazifaa asasi zenye idara nyingi na ngazi mbalimbali za idhini, ila huhitaji mtaalamu hasa.

Ikumbukwe kwamba cha bure nacho kina gharama. Kuna ada ya kila mwaka ya jina la tovuti, kodi ya kompyuta inayoihifadhi, na ujira wa fundi. Gharama inayosahaulika zaidi ni ile ya kuhamia toleo jipya. Kwa mfano, waliotumia Drupal 7 walilazimika kujenga tovuti zao karibu upya ili kuingia matoleo yaliyofuata, na msaada rasmi wa toleo hilo ulikoma Januari 2025. Programu iliyopitwa na wakati ni mlango wazi kwa wadukuzi.

Kwa kikundi cha wakulima, shule au shirika dogo la Garsen, WordPress iliyowekwa kwenye akaunti inayomilikiwa na kikundi chenyewe ingetosha. Asasi kubwa yenye wataalamu wa kuajiriwa inaweza kufikiria Drupal.

Lolote litakalochaguliwa, kanuni zifuatazo zizingatiwe:

Kwanza, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la shirika, wala si la fundi, na zaidi ya afisa mmoja wawe na maneno ya siri.

Pili, anwani za kurasa zisibadilishwe. Ikibidi, anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya ili anayeifuata asiambulie patupu.

Tatu, mtu ajihadhari na programu za ziada za kupamba kurasa ambazo huchanganya maandishi na alama zake zenyewe. Zikiondolewa, huacha ukurasa uliovurugika.

Nne, fundi asirekebishe kiolezo asilia, kwani marekebisho hayo hufutika kinapoboreshwa. WordPress huruhusu kiolezo tanzu kwa kazi hiyo.

Tano, nakala rudufu ya hifadhidata na picha itunzwe mahali pengine, na ijaribiwe kurejeshwa kabla ya mabadiliko kuanza.

Hali kadhalika, sura mpya ijaribiwe kwa simu ya bei nafuu mahali penye mtandao hafifu. Picha nzito za mapambo humlia msomaji data kabla hajaifikia ilani aliyoifuata. Orodha za wanafunzi wa basari nazo zichapishwe kwa uangalifu, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu binafsi.

Mwisho, mkataba na fundi utaje bayana kwamba maudhui yote ni mali ya shirika, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kurasa za zamani kuthibitishwa kuwa zingali zinafunguka.