Kubanduka, Kuchanika, Kuchakaa: Historia ya Jeraha la Gegedu la Bega na Funzo Lake kwa Istilahi za Tiba

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba aghalabu huandikwa kama historia ya vifaa: kisu, eksirei, kamera. Makala haya yanaisoma sehemu moja ndogo ya historia hiyo kama historia ya majina. Yanafuatilia namna jeraha la gegedu la bega lilivyotambuliwa, likapewa jina na kutibiwa, na namna jina jingine lililofuata lilivyochangia watu wengi kupasuliwa bila faida iliyo wazi. Hoja kuu ni kwamba jina la jeraha si kibandiko kinachowekwa baada ya kazi kwisha, bali ni sehemu ya tiba yenyewe. Hoja hii inawahusu wanaistilahi na washauri wa sera wa ukanda wetu kwa sababu majina mengi ya majeraha ya viungo bado hayajatulia katika Kiswahili. Tunayo nafasi ya kuyachagua tukijua matokeo yake.

Kiungo cha bega hukutanisha kichwa cha mfupa wa mkono na kisahani kilichopo pembeni mwa kombe la bega. Kichwa ni kikubwa, kisahani ni kidogo na hakina kina. Ndiyo maana bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo maana hutenguka mara nyingi kuliko viungo vingine vikubwa. Kisahani hicho kimezungukwa na ukanda wa gegedu lenye nyuzinyuzi, unaochangia takriban nusu ya kina chake. Wanaanatomia waliupa ukanda huo jina la Kilatini lenye maana ya mdomo. Hapa nitauita pindo, kwa kufuata mfano wa kanga: kisahani ni mji, na gegedu linalokizunguka ni pindo lake.

2.0 Bega kabla ya pindo

Kutenguka kwa bega kulijulikana tangu kale. Katika maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Hippocrates, ya takriban karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, zimo njia kadhaa za kulirudisha bega mahali pake. Imo pia tiba ya bega linalotenguka mara kwa mara: kuichoma ngozi ya kwapa kwa vyuma vyembamba vya moto, ili kovu likaze mahali kichwa cha mfupa kinapochomokea. Tiba hiyo ilikuwa kali, lakini ilikuwa na mantiki. Aliyeamini kwamba tatizo ni ulegevu alitafuta namna ya kukaza.

Mantiki hiyo iliishi muda mrefu kuliko chuma cha moto. Hata baada ya upasuaji wa kisasa kuanza, madaktari wengi waliendelea kuukaza mfuko wa kiungo kwa kuukunja na kuushona. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, haikuweza kuwasahihisha, kwani huonyesha mfupa na kuliacha gegedu gizani. Broca na Hartmann nchini Ufaransa walikuwa wamekwisha kueleza, mwaka 1890, jinsi tishu za mbele ya kisahani zinavyoachana na mfupa. Mwaka 1906 Perthes wa Ujerumani alieleza namna ya kuzishikiza tena. Hata hivyo, uchunguzi huo haukubadili mazoea ya wengi.

3.0 Mwaka 1923: jina lililoponya

Mwaka 1923 daktari mpasuaji wa London, Arthur Sydney Blundell Bankart, alichapisha makala mafupi kuhusu bega linalotenguka mara kwa mara. Wagonjwa wake walikuwa wanne tu. Alichosema ni kwamba kukaza mfuko ni kutibu mahali pasipo na ugonjwa. Kwa maoni yake, jeraha la msingi ni pindo la gegedu kubanduka kutoka kwenye ukingo wa mfupa upande wa mbele, na tiba yake ni kulirudisha pindo hilo na kulishona pale lilipobanduka. Mwaka 1938 alitoa taarifa ya wagonjwa 27 waliopasuliwa kwa njia hiyo.

Hapa ndipo nguvu ya jina inapoonekana. Bankart hakuwa wa kwanza kuliona jeraha hilo, wala hakuwa wa kwanza kulishona. Alikuwa wa kwanza kulisema kwa namna iliyomlazimu msomaji kuchagua: ama tatizo ni ulegevu, ama ni kubanduka. Akichagua la pili, mkono wake utafuata. Ni kweli kwamba alitia chumvi. Mwaka 1940 Hill na Sachs, wataalamu wa eksirei wa Marekani, walieleza bonyeo linaloachwa kwenye kichwa cha mfupa, na mwaka 1954 Latarjet wa Ufaransa alipendekeza kuhamisha kipande cha mfupa kuziba upungufu wa kisahani. Jeraha la msingi, kumbe, si moja daima. Lakini kwa kijana ambaye bega lake limetenguka kwa ajali na linaendelea kutenguka, kulirudisha pindo bado ni tiba yenye msingi, na leo hufanywa kwa nanga ndogo zenye nyuzi zinazopachikwa mfupani.

4.0 Mwaka 1990: jina lililozidi

Sura ya pili ilianzia Japani. Mwaka 1918 Kenji Takagi, akiwa Tokyo, alitumia chombo cha kuchungulia kibofu kutazama ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliiendeleza kazi hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 kikapatikana chombo kilichofaa kwa kazi ya kila siku. Baada ya hapo daktari aliweza kuliona pindo lote kupitia tundu dogo, hata sehemu ya juu ambako kano ya msuli wa mbele wa mkono imejishikiza.

Mwaka 1985 Andrews na wenzake walieleza michaniko ya sehemu hiyo kwa wanamichezo 73 warusha mpira. Mwaka 1990 Snyder na wenzake, nchini Marekani, waliipa jina la herufi nne, SLAP, na kuigawa katika aina nne. Walikuwa wameikuta kwa wagonjwa 27 katika uchunguzi wa mabega zaidi ya 700. Ikumbukwe kwamba aina ya kwanza ilikuwa kuchakaa kwa ukingo wa gegedu, na aina ya pili ilikuwa kubanduka kwake pamoja na kano. Mambo mawili tofauti yalikaa chini ya jina moja, na jina hilo likasomwa kama jina la mchaniko.

Kinachochanika huomba kushonwa. Katika miaka ya 2000 upasuaji wa kulishona pindo la juu uliongezeka kwa kasi nchini Marekani, wakiwamo watu wa makamo ambao hawakuwa wamepata ajali yoyote. Kisha ukaja ushahidi. Mwaka 2016 zilichapishwa picha za MRI za watu 53 wenye umri wa miaka 45 hadi 60 wasio na maumivu ya bega, na wasomaji wa picha hizo walibainisha mchaniko wa pindo la juu kwa asilimia 55 hadi 72 yao. Mwaka 2017 watafiti wa Norwei walichapisha jaribio la wagonjwa 118 wenye aina ya pili. Baadhi walishonwa pindo, wengine walihamishiwa kano, na wengine walitobolewa ngozi na kuchunguzwa tu bila kutengenezwa chochote. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo matatu.

5.0 Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili kinaingia katika historia hii kikiwa na utajiri ambao wataalamu wake hawajautumia vya kutosha. Kina vitenzi vitatu vinavyotenga kile ambacho jina la mwaka 1990 lilikichanganya. Kilichobanduka kilikuwa kimeshikamana na kingine, na kinaweza kurudishwa. Kilichochanika kimevutwa kwa nguvu kikaachana chenyewe kwa chenyewe. Kilichochakaa kimetumika, na hakuna wa kulaumiwa ila siku. Mgonjwa wa miaka 55 anayeambiwa “gegedu lako limechanika” atatafuta wa kulishona, pengine kwa kuuza shamba. Akiambiwa “limechakaa, kama ilivyo kwa wengi wa umri wako”, atakuwa tayari kuanza na mazoezi ya viungo. Picha ni ileile; uamuzi ni mwingine.

Upungufu nao upo. Kitenzi teguka, katika matumizi ya kila siku, hubeba kiungo kilichoshtuka na kiungo kilichotoka mahali pake. Mgonjwa akisema bega lake liliteguka, mhudumu hana budi kuuliza zaidi. Ingefaa tenguka ihifadhiwe kwa kiungo kilichotoka. Aidha, nchini Uganda, Rwanda na Burundi, ambako kwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, istilahi kama pindo isichukuliwe kuwa wazi kwa kila mtu kabla ya kujaribiwa kwa wauguzi na wagonjwa wenyewe.

6.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyombo vya istilahi katika ukanda, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viwaalike madaktari wa mifupa na wataalamu wa mazoezi ya viungo tangu hatua ya kuchagua kitenzi, badala ya kuwapelekea orodha iliyokwisha kukamilika. Pili, wizara za afya zielekeze kwamba majibu ya picha yanayosomwa kwa mgonjwa yatenge kubanduka, kuchanika na kuchakaa. Bankart aliwasaidia wagonjwa wake kwa kulitaja jeraha kwa usahihi. Waliomfuata baadaye waliwaumiza baadhi ya wagonjwa kwa kutotenga vya kutosha. Sisi tunaochagua maneno leo hatuna kisu mkononi, lakini tunasaidia kuamua kitakata wapi.