Udhahiri wa uvumbuzi (sheria ya hataza, Marekani)

Udhahiri ni sababu ya kukinyima hataza kifaa ambacho, ingawa ni kipya, mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani husika angekibuni bila taabu. Nchini Marekani kigezo hiki kimo katika kifungu cha 103 cha Sheria ya Hataza ya 1952.

Kwa mfano, mvumbuzi anafunga kwenye mguu mmoja wa ngazi kipande kinachoteleza, chenye matundu na pini ya springi, ili ngazi isimame sawa kwenye mteremko. Nyaraka za zamani zinaonyesha ngazi yenye mguu unaorefushwa na kukazwa kwa bolti. Nyingine zinaonyesha pini kama hiyo kwenye stendi ya kamera. Katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere (1966), Mahakama ya Juu iliagiza kupima maarifa yaliyotangulia, tofauti iliyopo na kiwango cha ujuzi wa fani. Mafanikio sokoni na kushindwa kwa wengine ni ushahidi wa ziada, nao mara nyingi hutiliwa chumvi na waombaji.

Kesi ya KSR dhidi ya Teleflex (2007), iliyohusu pedali ya gari, ililegeza masharti ya kuthibitisha udhahiri: sababu ya kuunganisha vipande viwili si lazima iwe imeandikwa popote. Hapo pini ya ngazi hiyo ina nafasi finyu. Mguu unaojirekebisha na kujifunga wenyewe mtu anapopanda ungekuwa na hoja nzito zaidi, mradi mkaguzi asiuhukumu kwa busara ya baada ya tukio.